Maswali ya Waandishi: Mjane na Sufuria Yake

SWALI: Ninaandika hadithi fupi ya mjane asiyeweza kutamka majonzi yake. Nimeweka vyakula vimsemee: chai chungu, mkate mkavu, tunda lililooza. Walioisoma rasimu wanasema huzuni imelazimishwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Vyakula vimezidi, na vyote vinasema jambo lilelile. Msomaji alishaelewa kwenye chai. Mkate na tunda vinamchosha tu. Bakiza kimoja.

Kiwe kile kinachotaka kazi ya mikono. Mkate wa kununua unakaa tu mezani, lakini mchele hupimwa, huchaguliwa, huoshwa, ukapikwa na kupakuliwa, na katika kila hatua mkono unaweza kutoboa siri ambayo mdomo umeificha. Badala ya "alipika kwa huzuni", jaribu: "Alipima vikombe viwili vya mchele. Akaitazama sufuria, akarudisha kimoja kwenye kopo. Kesho yake akapima viwili tena." Marehemu yumo jikoni, wala hujamtaja.

Ila vikombe hivyo ni bubu kama msomaji hajavikuta kabla ya msiba. Rasimu nyingi huharibikia hapa: taashira, yaani kitu kinachosimamia maana nyingine, inaletwa siku ileile inapohitajika. Kwa hadithi ya maneno 3,000 hivi, mara tatu zinatosha. Mara ya kwanza mume angali hai, nusu sentensi tu, katikati ya mazungumzo ya jambo jingine kabisa. Mara ya pili ni baada ya mazishi, na badiliko liwe moja. Mara ya tatu mwachie mtu mwingine apime, tuseme binti yake. Mjane akimpokonya kikombe, umepata hasira. Akikaa akamtazama, umepata hisia ambayo pengine wewe mwenyewe hukuipanga.

Kuhusu tunda: uozo si kosa, ila wako umetokea tu. Katika riwaya ya Great Expectations ya Charles Dickens (1861), keki ya harusi ya Miss Havisham, mwanamke aliyeachwa na mchumba wake siku ya harusi, imeachwa mezani miaka na miaka hadi buibui wakaifanya makao. Inatisha kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeamua ibaki. Uozo wa bahati mbaya haumwelezi mhusika; uozo anaoulinda unamweleza.

Upishi nao uwe sahihi. Maharage makavu yakiiva kwenye sufuria ya kawaida ndani ya mazungumzo ya dakika kumi, msomaji anayepika hakuamini tena, hata kwenye kilio. Na vitunguu vya kumfichia mtu machozi, tafadhali, wameshavikata waandishi wengi mno.

Ukimaliza, pitia aya za jikoni ufute kila "huzuni", "majonzi" na "upweke", kisha mpe mtu ambaye hajaisoma. Asipohisi kitu, usiyarudishe maneno hayo. Rudi kwenye ile mara ya kwanza, huenda ilipita haraka mno hata hakuiona.