Jibu: Kama Guardiola aliweza, kwa nini nguli wetu asipewe timu?

Mkuu, unataka nguli wetu, mchezaji wa zamani, akabidhiwe timu ya wakubwa moja kwa moja kwa kuwa Guardiola aliweza, ila mfano huo unautumia nusu. Kabla ya kupewa Barcelona mwaka 2008 alikuwa ameifundisha Barcelona B, timu yao ya akiba, msimu mzima na kuipandisha daraja. Zidane naye alikuwa msaidizi wa kocha Ancelotti pale Real Madrid, akaifundisha Castilla, timu yao ya akiba, ndipo Januari 2016 akakabidhiwa Real Madrid.

Unachokitaka wewe, nguli asiyewahi kufundisha kabisa, ni Pirlo, kiungo wa zamani wa Juventus. Mwisho wa Julai 2020 Juventus walimpa kikosi cha chini ya miaka 23. Siku chache baadaye kocha mkuu Sarri akafukuzwa na Pirlo akapandishwa timu ya wakubwa kabla hajasimamia hata mechi moja! Alibeba Coppa Italia na Super Cup ya Italia, siyo haba. Ila ubingwa wa ligi walioushikilia miaka 9 mfululizo ukaenda Inter, Porto wakiwa pungufu wakawatoa Ligi ya Mabingwa Ulaya palepale Turin, nyumbani kwa Juventus, na nafasi ya nne ya ligi yenyewe ilipatikana siku ya mwisho. Akatimuliwa.

Shearer, mshambuliaji nguli wa Newcastle aliyepewa timu hiyo 2009, sitamlaumu sana, timu ilishakuwa mahututi: mechi 8, ushindi mmoja, wakashuka daraja.

Jina linaheshimiwa wiki za mwanzo. Mchezaji akishasugua benchi mwezi mzima, mabao yako ya zamani hayamhusu. Mimi ningempa nguli wetu timu ya vijana kwanza. Viongozi wanaotaka kumrukisha ngazi wanatafuta tu mtu wa kuwakinga na hasira zetu sisi mashabiki.