Mshindi kazungumza dakika tisa: mshika saa alikuwa wapi?

Juzi usiku umeingia ujumbe kutoka Wete, Pemba. Katibu wa klabu ya hotuba ya vijana anaandika kwamba mashindano yao yamewaacha vipande viwili. Aliyepewa ushindi alisema kwa dakika tisa. Wa pili alijibana ndani ya dakika saba alizoambiwa, na alipouliza akajibiwa kuwa majaji ndio walioamua. Sasa nusu ya wanachama hawaji tena. Katibu anataka kujua kosa ni la nani.

Dada yangu, msemaji akiachiwa jukwaa atalitumia, na jaji aliyezama kwenye hotuba tamu hatazami saa. Hao wawili msiwalaumu. Ugomvi huu ulianza wiki mbili kabla, pale kamati iliposhughulika na fulana, keki na mgeni rasmi, na kanuni ya muda haikuandikwa popote. Linaniuma jambo hili kwa sababu anayeumia kila mara ni yule aliyekaa nyumbani akikata hotuba yake sentensi kwa sentensi ili itoshe.

Basi tuanze na saa. Vipimo vinavyofuatwa na klabu nyingi duniani vimetoka Toastmasters, shirika la kimataifa la klabu za hotuba, ambalo klabu yake ya kwanza aliianzisha Ralph Smedley mwaka 1924 huko Santa Ana, California. Hotuba ya kuandaliwa ni dakika 5 hadi 7. Alama ya kijani huonyeshwa dakika ya 5, ya manjano dakika ya 6, nyekundu dakika ya 7, na nyekundu hiyo haishushwi mpaka msemaji amalize. Kwenye mashindano, aliyemaliza kabla ya 4:30 au aliyepita 7:30 anatoka, hata kama ukumbi mzima umelia kwa hotuba yake. Mada ya papo kwa papo ni dakika 1 hadi 2, na ukomo wake ni 2:30. Mnaweza kuchagua vipimo vingine mkitaka, mradi viwe vimeandikwa na kila mshindani amevisaini kabla ya siku yenyewe.

Sasa, saa inaanza kuhesabu wapi? Hapa ndipo klabu zetu za Unguja na Pemba zinapoteleza. Kanuni inasema saa huanza pale msemaji anapowasiliana na hadhira kwa mara ya kwanza, kwa neno au kwa ishara ya wazi. Kwa hiyo "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh" ni sehemu ya hotuba. Akisalimu na ukumbi ukaitikia, saa inakwenda. Akiendelea na "Mheshimiwa mgeni rasmi, Mheshimiwa Sheha, walimu wangu, wazee wangu", dakika nzima imeondoka na hajasema kitu. Dawa yake ni nyepesi: mshereheshaji asome itifaki yote mara moja mwanzoni, na washindani waambiwe kwenye kikao chao kuwa salamu moja inatosha. Msipowaambia mapema, wenye adabu zaidi ndio watakaoadhibiwa.

Washika saa wawe wawili, kila mmoja na simu yake, na simu zote ziwekwe hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya hotuba, mtu hushtuka, hubonyeza pasipotakiwa, na muda umepotea. Mmoja anainua kadi, wa pili anaandika muda kwenye karatasi, dakika na sekunde. Kadi zikatwe kwenye manila, ukubwa wa A4, kwa sababu kadi ndogo ya mkononi haionekani kutoka jukwaani. Wakae mwisho wa njia ya katikati, uso kwa uso na msemaji. Wakikaa pembeni, msemaji hulazimika kugeuza shingo kutafuta kadi na mawazo yanamtoka. Kadi isipoinuliwa kwa kosa la mshika saa, au taa za kuonyesha muda zikazimika na umeme, msemaji huyo anaongezewa sekunde 30 za ukomo. Hili nalo liandikwe.

Jina la aliyetolewa kwa muda halitangazwi. Mshereheshaji aseme tu kuwa kuna mshindani aliyetoka kwa kanuni ya muda, basi. Kisiwa ni kidogo na watu watakutana sokoni kesho.

Tukija kwa majaji, naomba wenzangu mnisikilize vizuri, kwani nimechoka kuona jambo lile lile. Majaji huwekewa meza mbele, kitambaa cheupe, chupa za maji, maua ya plastiki. Msemaji anaacha hadhira na kuihutubia meza. Hadhira nayo inasoma nyuso za majaji. Watawanyeni majaji ukumbini, wakae kama wasikilizaji, kila mmoja na ubao wa kuandikia mapajani. Wawe watano angalau. Kila baada ya hotuba iwepo dakika moja ya kimya ili waandike. Mshereheshaji asiijaze dakika hiyo kwa vichekesho.

Fomu ya alama inayotumika sana inagawa 100 hivi: maudhui 50, uwasilishaji 30, lugha 20. Lakini alama hizo zimsaidie jaji kupanga wa kwanza, wa pili na wa tatu tu. Msizijumlishe za majaji wote. Sababu ni hii. Majaji wanne wanampa A alama 82 na B alama 80. Jaji wa tano, anayempenda B au asiyempenda A, anaandika 60 na 90. Jumlisheni: A amepata 388, B amepata 410. Watu wanne kati ya watano wamesema A ni bora, na B ndiye anayebeba kikombe. Sasa tumieni nafasi: wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. A anapata 14, B anapata 11. Mtu mmoja hawezi tena kuupindua uamuzi wa wenzake kwa kalamu yake. Klabu inayojumlisha alama ghafi imejitengenezea mlango wa fitina, na mlango huo utatumika.

Pawepo pia jaji wa siri wa kuvunja sare, anayejulikana na jaji mkuu peke yake. Yeye huwapanga washindani wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, anatia karatasi kwenye bahasha na kuifunga. Sare isipotokea, bahasha haifunguliwi.

Na undugu je? Ukiwa Wete, huyu ni shangazi wa mshindani, yule alimsomesha skuli, wa tatu ni jirani. Chukueni majaji kutoka Chake Chake na Mkoani, nanyi mkawasaidie wao zamu yao ikifika. Mkiwaita kutoka Unguja, wafike siku moja kabla. Msimu wa kusi bahari ya katikati huchafuka na boti linaweza kuchelewa. Nauli yao ilipwe kabla ya safari. Mtu aliyetumia fedha zake mwenyewe kuja kuhukumu, na hajui atarudishiwa lini, hana utulivu wa kusikiliza.

Lugha nayo ina machungu yake. Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tangu mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na wapo majaji wa mjini wanaodhani hilo linawapa haki ya kumkata alama kijana kwa lafudhi ya Kipemba au ya Makunduchi. Lafudhi ya mtu haihusiki na zile alama 20. Zinazopimwa ni kama maneno yanafaa kwa mada, sentensi zinaeleweka, na ngeli zimepatana. Jaji mkuu alisome hili kwa sauti kwenye kikao cha majaji, bila aibu.

Kikao cha washindani kifanyike dakika 45 kabla ya kuanza, na ndipo kura ya mpangilio ipigwe, karatasi ndani ya kofia, kila mtu akishuhudia. Asiyekuwepo nafasi yake inakwenda kwa wa akiba. Pingamizi, kama lipo, ni la mshindani au jaji tu, na lifike kwa jaji mkuu kabla ya matokeo kusomwa. Yakishasomwa yamekwisha.

Mashindano ya papo kwa papo yana tatizo la madirisha. Swali ni moja kwa wote, na wanaosubiri zamu hawatakiwi kulisikia. Kumbi zetu ziko wazi pande zote, spika inasikika mpaka barazani, na ndipo hapo washindani wanapowekwa wasubiri. Wapelekeni chumba cha mbali na mtu wa kukaa nao, simu zao zikusanywe.

Mikutano ya kila wiki ndiyo inayozaa washindani, kwa hiyo nayo ina ratiba yake. Anzeni saa 10:15 jioni, watu wakishasali Alasiri, mfunge saa 11:45. Magharibi hapa hupishana karibu nusu saa kati ya Februari na Oktoba, na saa 11:45 iko salama mwaka mzima; wasichana wanapata daladala bado kuna mwanga, na wazazi hawatawazuia kuja wiki ijayo. Ufunguzi dakika 5. Hotuba tatu pamoja na kimya chake, 24. Papo kwa papo 20, yaani watu sita. Tathmini tatu, 12. Ripoti ya mshika saa na ya anayehesabu "yaani" na "aaa", 5. Matangazo 5. Jumla ni 71, na zile 19 zilizobaki zitaliwa na makofi, kupishana jukwaani na kipaza sauti kilichogoma. Chai na sambusa ziwe saa 10:00, kabla ya kuanza. Chai ya katikati ya mkutano hugeuka dakika ishirini na tano, na chai ya mwisho haimwahishi mtu. Ramadhani, hamishieni baada ya Tarawehe na mpunguze hotuba ziwe mbili.

Swali la papo kwa papo liulizwe kwanza, kisha litajwe jina la wa kulijibu. Ukitaja jina kwanza, anayefikiri ni mmoja tu, wengine wamepumua. Maswali ya vyama vya siasa yaacheni nje ya klabu, hasa mwaka wa uchaguzi.

Tathmini iwe dakika 2 hadi 3: mambo mawili yaliyofaulu na moja la kurekebisha, kwa maneno yale yale yaliyosikika. "Ulipotaja bei ya karafuu ulinyamaza kidogo, tukangoja" inamsaidia mtu. "Umejitahidi sana" haimsaidii. Kijana akimtathmini mzee, aanze na shikamoo, kisha aizungumzie hotuba tu: "Ningependa kusikia mwisho polepole zaidi, mzee wangu." Heshima haikuzuia kamwe kusema kweli.

Mvua za masika zikipiga kwenye bati, hakuna kipaza sauti kitakachofaa. Simamisheni mashindano baina ya hotuba, msubiri. Ikiwa mtu yumo katikati ya hotuba, jaji mkuu aamue papo hapo kama atarudia, na mamlaka yake hayo yawe yameshaandikwa kwenye kanuni.

Na nyinyi wa Wete, matokeo yaliyosomwa yabaki kama yalivyo. Msimnyang'anye mtu kikombe mlichompa wenyewe. Iteni mkutano mmoja wa wanachama wote, ajenda moja, karatasi moja ya kanuni, kila kifungu kipigiwe kura. Yule wa pili aliyekaa ndani ya dakika saba, mwendeeni nyumbani, katibu na mwenyekiti pamoja, mumwombe radhi mbele ya watu wake. Kisha mumwombe aandike yeye kifungu cha muda.