Meza ya mbao za boti imepasuka: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Ipuli hapa Tabora, na useremala kwangu ni kazi ya Jumamosi tu. Mwezi wa tatu nilikwenda Kigoma msibani, nikanunua Kibirizi mbao za boti kuukuu lililovunjwa. Mwenye nazo alisema ni mninga. Nilizileta kwa treni, nikazipiga randa wiki hiyohiyo, nikaunga nne kwa gundi hadi nikapata uso wa meza wenye upana wa sentimita 75. Nikaupigilia misumari kwenye fremu, pande zote nne. Juu nilipaka vanishi mara tatu. Sasa ni Agosti, meza imetunuka katikati kama mgongo wa kobe, na kichwani, pale mbao zinapoishia, kuna ufa unaopitisha ncha ya kisu. Je, mbao za boti hazifai? Niuzibe ufa kwa gundi na unga wa mbao? Na kwa meza ijayo, naweza kutengeneza miguu kwa mataruma ya zamani ya reli?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mbao zako zinafaa, tena sana. Kama kweli ni mninga, basi katika miti ya miombo umepata mmoja wa ile inayosinyaa kidogo mno ikikauka. Mninga ukipasuka, mimi huwa nauliza kwanza ulifungwaje.

Ubao, hata kama mti wake ulikatwa miaka 30 iliyopita, hauachi kunywa na kutoa maji. Hewa ikiwa na unyevu unavimba, ikikauka unasinyaa. Ila haufanyi hivyo sawasawa kila upande. Kwa urefu, kufuata nyuzi, mabadiliko ni madogo mno hata huyaoni. Kwa upana ndiko kwenye shughuli yote. Sasa ingia chini ya meza yako utazame zile mbao mbili fupi za fremu, zinazokatiza vichwani. Nyuzi zake zinafuata upana wa meza, kwa hiyo hazifupiki. Uso uliolala juu yake unataka kusinyaa kwa upana huohuo. Tuseme umesinyaa sehemu moja tu kwa mia: kwa sentimita 75 hiyo ni milimita saba na nusu. Misumari ikaukatalia. Ukaachia pale ulipobanwa zaidi, na ndiyo maana ufa wako umeanzia kichwani.

Kule kutunuka ni habari nyingine. Ulipaka vanishi juu, chini ukaacha mbao tupu. Kiangazi kilipoingia, upande wa chini ulitoa maji haraka kuliko wa juu, ukasinyaa zaidi, ukavuta kingo kuelekea chini. Paka pande zote mbili idadi ileile ya mikono, yaani mara za kupaka, na vichwa uviongeze mkono mmoja, kwa sababu maji hupita kichwani mwa ubao kwa urahisi kuliko kwingine kote.

Halafu ulikuwa na haraka. Mbao zile zimeishi ziwani, ukazileta Tabora mvua ikiwa bado inanyesha, ukazipiga randa kabla hazijazoea hewa ya kwako. Kosa hili nalijua kwa machungu: kasha la kwanza nililomtengenezea dada yangu kwa ajili ya harusi lilipasuka mfuniko kabla hajamaliza mwaka kwa mumewe. Tangu hapo kila ubao wa kuokota naupima. Naupanga kivulini, vijiti vikiwa katikati ya ubao na ubao ili upepo upite, na kila Jumapili naupeleka kwenye mizani ya duka la jirani. Uzito nauandika kwa penseli kwenye ubao wenyewe. Wa mwisho ulianza na kilo 11 na robo, ukashuka hadi tisa na nusu, ukakaa hapohapo wiki tatu mfululizo. Hapo ndipo nilipochukua randa.

Ufa usiuzibe. Mvua zikirudi Novemba mbao zitavimba, zitaisukuma ile gundi uliyojaza, na kiangazi kijacho utapata ufa mpya pembeni yake. Ng'oa misumari yote, ulaze uso juu ya vijiti wiki mbili tatu uone umetulia vipi. Kisha upasue kwa msumeno kufuata ufa, piga randa kingo zote mbili hadi zikutane bila kupitisha mwanga, uunge upya.

Kuufunga sasa. Kwa ndani ya zile mbao fupi, funga vipande vya inchi moja kwa mbili, na uongeze mbao ya tatu ya kukatiza katikati ya meza. Skrubu zipite humo zikipanda juu. Tundu la katikati liwe la duara, skrubu yake uikaze. Matundu ya pembeni yawe marefu: toboa mawili yanayogusana kwa keekee, uyaunganishe kwa patasi nyembamba hadi yafanane na punje ya haragwe, urefu wake ukifuata upana wa meza. Weka washa, kile kiduara cha chuma chini ya kichwa cha skrubu, kaza hadi skrubu ishike, usiikandamize. Kwenye mbao ndefu za pembeni usifunge chochote. Uso utavimba na kusinyaa kadiri utakavyo, na meza haitalegea.

Mbao za boti zina misumari iliyokatikia ndani. Mimi nimefunga sumaku ya spika mbovu kwenye uzi. Naipitisha taratibu juu ya ubao, na ikivutwa nachora duara. Alama nyeusi kuzunguka tundu la msumari ni chuma kilichokutana na utomvu wa mti, zenyewe si uozo. Lami ikwangue alfajiri ikiwa bado ngumu, usiichome. Rangi kuukuu nayo usiipige msasa ikiwa kavu, huenda ina madini ya risasi. Ilowanishe ndipo uikwangue. Vumbi la mninga lenyewe huwasha pua na kifua, na baadhi ya mafundi huwaletea pumu, kwa hiyo fungua milango na ufunge barakoa.

Mataruma hapana. Kwanza ni mali ya reli, utaulizwa umeyapata wapi. Pili, yale ya mbao hulowekwa dawa nyeusi iitwayo kreosoti, ambayo huchoma ngozi na kuendelea kunuka miaka mingi, na watu watakula juu ya meza hiyo. Tafuta miimo ya milango kwenye nyumba za zamani zinazobomolewa hapo mjini. Mara nyingi ni minene ya kutosha kutoa mguu wa inchi tatu, na imekwisha kukaukia hewa ya Tabora.