Kabla ya Kuilaumu Pawa Saplai, Ijaribu Probu Yako

Wewe unayeanza kushika osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye kioo, ili kupima viwimbi (mabadiliko madogo ya volti) vya pawa saplai, anza na jaribio ambalo mimi nilichelewa kulijua: pawa saplai ikiwa inafanya kazi, bana klipu ya probu (waya wa kupimia wa osiloskopu) kwenye ethi ya saketi, kisha gusisha ncha ya probu kwenye klipu hiyo hiyo. Kwa kuwa umegusa nukta moja tu, kioo kilipaswa kuonyesha mstari mnyoofu. Ukiona miiba, ujue inanaswa na probu yenyewe. Nilikuwa nimeshang'oa kapasita mbili zisizo na kasoro kabla ya kulielewa hilo.

Mkosaji ni waya wa klipu. Waya huo wenye urefu wa takriban sentimita 15 hufanya kitanzi kinachonasa usumaku wa swichi za saketi, na kwa kuwa kila milimita yake huongeza karibu nanohenri moja, ukiungana na pikofaradi 10 hivi za probu huvuma kwenye megahezi 130 au karibu na hapo. Uondoe, vua kofia ya plastiki, na utumie springi fupi ya ethi ukigusa moja kwa moja miguu ya kapasita ya upande wa kutolea umeme. Springi ikiwa imepotea, nayo hupotea sana, zungusha waya mtupu wa shaba kwenye pete ya ethi iliyo karibu na ncha.

Probu iliyowekwa kwenye 10X huifikishia osiloskopu milivolti 20 zikiwa 2 tu, kisha osiloskopu huzikuza pamoja na kelele zake yenyewe. Kwa viwimbi vidogo napendelea 1X, isiyopunguza volti, ingawa hiyo hupitisha megahezi chache tu na huficha miiba mikali. Weka chaneli kwenye AC, ili volti isiyobadilika izuiwe na vibaki viwimbi tu, uwashe kikomo cha megahezi 20 kinachochuja masafa ya juu zaidi, na uandike masharti hayo kando ya jibu, kwani namba isiyo na masharti haiwezi kulinganishwa na nyingine. Mwongozo wa pawa saplai za kompyuta za ATX, kwa mfano, unaruhusu viwimbi vya milivolti 120 kutoka kilele hadi kilele kwenye volti 12, na 50 kwenye volti 5.

Haya yote ni ya upande wa kutolea umeme. Klipu ya probu imeungana na ethi ya plagi, kwa hiyo ukiibana upande wa umeme wa ukutani utasababisha shoti. Na usikate pini ya ethi ya osiloskopu ili kulikwepa hilo, maana bodi lake lenyewe litakuwa na umeme. Huko tumia probu ya difrensha, inayopima tofauti ya volti kati ya nukta mbili bila kuziunganisha na ethi.