Kangaja kagoma kula, ana madoa meupe

Ndugu, umesema kangaja wako wa buluu, yule samaki wa baharini, ana wiki moja kwenye tangi la matumbawe, hali chochote, na sasa ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Kwa maelezo hayo nashuku kriptokarioni, kimelea kinachowaandama mno kangaja. Usimwage dawa ya shaba humo ndani hata muuzaji akikuapia: itaua kamba, konokono na matumbawe yenyewe. Mhamishie kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe wala mchanga, maana vyote hunyonya shaba. Weka pampu ya hewa, kichujio cha sifongo na vipande vya bomba la plastiki apate pa kujificha. Dawa itie huko, ukipima kiwango kila siku. Samaki wengine nao wahamie, hata wasio na madoa; tangi kubwa likae bila samaki takriban wiki 11, kimelea kikose wa kumshika.

Kuhusu chakula, vile vya makopo achana navyo kwanza. Kangaja baharini hushinda akiguguna mwani mwambani kutwa nzima. Chukua nori (karatasi za mwani mkavu) isiyotiwa viungo, ibanie kwenye kioo karibu na maficho yake, kisha ondoka. Wengine hawali wakitazamwa. Asipogusa hadi jioni itoe, ikioza amonia, ile sumu ya uozo, inapanda majini. Kitunguu saumu kinachosifiwa sana hakitibu kimelea hiki.

Akianza kuhema mbiombio juu ya maji, pima amonia saa hiyohiyo na ubadilishe maji, usingoje kesho.