Shaba ya nini kwenye waya usio na ukinzani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa ufundi umeme. Tulipopelekwa kuiona mashine ya MRI (ipigayo picha za ndani ya mwili kwa sumaku) katika hospitali moja hapa jijini, tulielezwa kwamba waya wa sumaku yake hauna ukinzani wowote, yaani hauuzuii umeme kupita, ilhali sehemu kubwa ya waya huo ni shaba. Shaba ina ukinzani. Sasa imewekwa ya nini? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu msomaji, sumaku ikiwa imetulia shaba hiyo haina kazi kubwa, imewekwa kwa ajili ya sekunde chache za hatari. Mkondo hupita katika nyuzi za aloi (mchanganyiko wa metali) ya niobi na titani zilizozamishwa ndani ya shaba, ambazo hupoteza ukinzani zikiwa chini ya kelvini 9 hivi, na kwa hiyo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika yenye kelvini 4.2, yaani takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Tofauti hiyo si akiba ya kujivunia, kwani nguvu ya sumaku na wingi wa mkondo huzidi kuipunguza.

Ugumu wenyewe uko hapa: katika baridi hiyo, shaba hupanda joto kwa nishati isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya ile ambayo ingehitajika katika joto letu la kawaida. Waya ukisogea mikroni (sehemu za elfu za milimita) chache tu kwa kusukumwa na sumaku yenyewe, au gundi inayoushikilia ikipasuka, joto linalozaliwa laweza kuirudishia sehemu hiyo ukinzani, na aloi ikishafika hapo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa mbali sana. Shaba huupa mkondo njia ya pembeni na kulisambaza joto, ili waya upate nafasi ya kupoa.

Nyuzi nazo hufanywa nyembamba mno na kusokotwa, kwa sababu uga wa sumaku hujipenyeza ndani ya uzi mnene kwa mirukoruko inayozaa joto. Huo, kwa maoni yangu, ndio ufundi unaostahili sifa zaidi.

Joto likishinda, hutokea kwenchi: ukinzani huenea, na heliamu huchemka ikapanuka takriban mara 700, ndiyo maana mashine ya MRI huwekewa bomba la kuitoa gesi nje ya jengo. Viungo vya waya navyo vyahitaji ulinzi uleule. Tarehe 19 Septemba 2008, kiungo kibovu kati ya sumaku za LHC, mtambo wa kugonganisha chembe ndogo mno huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, kiliyeyuka, tani kadhaa za heliamu zikamwagika, na baadaye viungo zaidi ya 10,000 vikaimarishwa kwa vipande vya ziada vya shaba.