Jibu: Msaidizi wa daktari wa mifugo ana mbele?

Ndugu yangu, umeuliza kama msaidizi wa daktari wa mifugo hapa Uganda atabaki kushika kamba tu. Kamba utaishika, na mateke utayapata! Ila pande za Mbarara na Kiruhura kazi haikosi: kupe wamezoea dawa za kuogeshea, na ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka minada hufungwa. Kinacholipa zaidi ni uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba bila dume. Ng'ombe akionyesha joto (dalili za kutaka dume) asubuhi, jioni unampandikiza mbegu. Ukichelewa, mfugaji wa maziwa amepoteza wiki tatu akingoja joto lingine, na wewe umepoteza mteja. Kwa hiyo pikipiki kwanza, koti jeupe baadaye. Ukitaka kuitwa daktari, itabidi usome shahada, kwa mfano Makerere, miaka 5.